Can, could, may, might: jinsi ya kuomba ruhusa na kusema “huenda” kwa Kiingereza

Mtu akitaka kumsumbua mkubwa wake kwa swali, mara nyingi hasemi “nataka kukuuliza”. Husema “samahani, nilikuwa nataka kukuuliza”, au “nilikuwa naomba”. Wala hakuna anayedhani kwamba haja hiyo ilikuwa ya jana na leo imekwisha. Haja ipo, amesimama nayo hapo hapo. Ule wakati uliopita ni adabu: mwombaji anarudi nyuma hatua moja ili anayeombwa apate nafasi ya kukubali au kukataa bila kubanwa.

Naanza na jambo hili kwa sababu ndilo ufunguo wa yote yatakayofuata. Kiingereza nacho hurudi nyuma hivyo hivyo. “Could” ni umbo la wakati uliopita la “can”, na “might” ni la “may”, lakini katika kuomba na kukisia maneno hayo hayasimulii ya jana. Yanasema: narudi nyuma kidogo, sikulazimishi, sina hakika. Nimefundisha Kiingereza watu wazima kwa miaka mingi, na karibu kila mmoja huja na orodha aliyoikariri: “can” ni naweza, “could” ni niliweza, “may” ni labda, “might” ni labda ya wakati uliopita. Orodha hiyo ndiyo inayomfanya mtu mwenye adabu tele kwa Kiswahili asikike mkavu, hata mwenye kiburi, pale anapoandika Kiingereza. Inaniuma kila ninapoiona, maana mtu huyo hana kosa la tabia. Amekosea neno moja tu.

Hatua ya 1: Safisha umbo kwanza

Hapa hatukai sana. Vitenzi hivi vinne havibadiliki kwa kufuata nafsi: ni “she can”, kamwe si “she cans”. Kitenzi kinachofuata huja kitupu: “he might come”, si “he might to come” wala “he might comes”. Swali hutengenezwa kwa kutanguliza kitenzi kisaidizi mbele ya mtendaji, “Could I…?”, bila kuita “do”. Na viwili havikai pamoja: badala ya “I might can” sema “I might be able to”.

Kosa tunalolirudia sana ni “I can be able to come”. “Can” peke yake imekwisha kusema kuweza, na “be able to” nayo inasema kuweza. Chagua moja: “I can come” au “I will be able to come”.

Tofautisha pia “maybe” na “may be”. La kwanza ni neno moja, maana yake labda, na mara nyingi hutangulia sentensi: “Maybe she is ill.” La pili ni vitenzi viwili: “She may be ill.” Ukiona “might” inaweza kukaa mahali pa “may” bila sentensi kuvunjika, basi andika mbali mbali.

Katika kutamka, “could” haina sauti ya “l”. Herufi hiyo haikuwamo tangu asili. Iliingizwa katika maandishi kwa kuiga “would” na “should”, ambazo zilikuwa nayo kwa haki. Na “can” iliyo katikati ya sentensi humezwa kidogo, hutamkwa upesi upesi, ilhali “can’t” hutiwa mkazo. Ukiikaza “can”, msikilizaji anaweza kusikia kinyume cha ulichokusudia, na hilo si jambo dogo ukiwa unamwambia mtu kama anaweza kuingia au hawezi.

Hatua ya 2: Jiulize, hii ni ruhusa au ni uwezekano?

Vitenzi hivi hubeba mizigo yote miwili, na hapo ndipo wengi hupotea. “You may leave” ni ruhusa: haya, nenda. “You may fall” si ruhusa ya kuanguka. Ni tahadhari: angalia, huenda ukaanguka.

Kiswahili kina kipimo kizuri cha kutenganisha mambo haya. Chukua sentensi yako uweke “umeruhusiwa”, kisha uweke “huenda”. Moja itakubali, nyingine itagoma. “Huenda ukaanguka” inaingia. “Umeruhusiwa kuanguka” haingii. Fanya hivyo kichwani kabla ya kuchagua neno la Kiingereza, na nusu ya kazi imekwisha.

Ziko sentensi zinazokubali yote mawili. “She may leave tomorrow” inaweza kuwa “ameruhusiwa kuondoka kesho” au “huenda akaondoka kesho”. Wenyeji wa lugha hutegemea muktadha. Wewe usijitie mtegoni: ukitaka kusema huenda, tumia “might”, “She might leave tomorrow”, kwa kuwa “might” katika sentensi ya kawaida ya namna hii haitoi ruhusa. Ukitaka kusema ameruhusiwa, sema “She can leave tomorrow” au, bila shaka yoyote, “She is allowed to leave tomorrow”.

Asili ya maneno haya inasaidia kukumbuka. “Can” ilitokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale kilichomaanisha kujua. “May” ilitokana na kingine kilichomaanisha kuwa na nguvu, na mpaka leo “might” ikiwa nomino ni nguvu. Sisi tunasema “anajua kuogelea”, Mwingereza anasema “she can swim”. Tumepita njia ile ile, kutoka kujua hadi kuweza. Kisha kuweza kukazaa ruhusa, na ruhusa na uwezekano vikaishi nyumba moja.

Hatua ya 3: Omba ruhusa kwa kupima umbali

Kadiri ombi linavyokuwa zito, au mnavyokuwa hamjazoeana, ndivyo unavyorudi nyuma.

“Can I borrow your pen?” inatosha kwa rafiki, kwa mwenzako wa kazi, kwa jambo dogo. Zamani walimu wengi walikaza kwamba “can” ni ya uwezo tu na ruhusa huombwa kwa “may”. Bado utakutana na watu wanaoshikilia hivyo, lakini katika mazungumzo ya kila siku “Can I…?” ni ruhusa halali na hakuna anayeudhika.

“Could I borrow your laptop?” ndiyo ninayowashauri wanafunzi wangu waifanye ya kwanza mdomoni. Inafaa kwa usiyemjua, kwa mkubwa wako, kwa rafiki ukiwa unaomba kitu kikubwa kidogo. Ukiwa na shaka, tumia hii.

“May I come in?” ni rasmi zaidi, ina heshima na ina umbali. Hufaa kikaoni, mbele ya usiyemzoea, au unapotaka kukatiza maneno ya mtu kwa adabu: “May I say something?” “Might I…?” imebaki kwa nadra, na ina harufu ya zamani. Utaisikia zaidi katika “Might I suggest…”, mtu anapotoa pendekezo kwa upole. Itambue ukiisikia, huna lazima ya kuitumia.

Juu ya hizo ziko ngazi nyingine ambazo vitabu vingi vya shule huzipitia juu juu, nazo ndizo zinazotumika sana maofisini. “Do you think I could leave a little early?” “I wonder if I could leave a little early.” Na ile ya mbali kuliko zote: “I was wondering if I could leave a little early.” Itazame hiyo ya mwisho vizuri. “I was wondering” ni wakati uliopita, “could” ni wakati uliopita, na ombi ni la leo jioni. Ndiyo “nilikuwa naomba” yetu yenyewe, mwombaji karudi nyuma mara mbili. Angalia pia kwamba baada ya “if” mpangilio unarudi kuwa wa kawaida: “if I could”, si “if could I”.

Kuna jambo moja ambalo lazima nilisimamie, kwa sababu nakutana nalo kila wiki: “May you”. Tunaandika “May you send me the document” tukiamini tumeongeza heshima. “May I” humhusu anayeomba kufanya jambo yeye mwenyewe. Ukitaka mwingine akufanyie jambo, “may” haifai. Sema “Could you” au “Would you”. Tena “May you” ikianza sentensi ya Kiingereza ni dua: “May you live long”, yaani Mungu akujalie maisha marefu. Kwa hiyo msomaji wako anaanza kusoma akitarajia baraka, halafu anakuta anaombwa waraka.

Mwanafunzi wangu mmoja, mhasibu, aliniletea barua pepe aliyomwandikia msimamizi wake. Alikuwa ameshangaa kujibiwa kwa ubaridi. Barua ilikuwa hivi:

“Hello. I can come late on Thursday because I have a hospital appointment. May you send me the minutes after the meeting.”

Nilimwomba anisomee kwa Kiswahili alichokusudia. Akasema: “Naweza kuchelewa Alhamisi? Nina miadi ya hospitali. Naomba unitumie kumbukumbu za kikao.” Kwa Kiswahili hakuna neno baya hata moja. Lakini Kiswahili hugeuza sentensi kuwa swali kwa sauti tu: “naweza kuchelewa” na “naweza kuchelewa?” ni maneno yale yale. Kiingereza hakikubali hivyo katika maandishi. Bila kugeuza mpangilio, “I can come late” ni tangazo: nina haki ya kuchelewa, nakuarifu. Msimamizi alisoma tangazo, kisha akasoma dua iliyovunjika.

Tuliiandika upya pamoja: “Hello. I was wondering if I could come in late on Thursday, as I have a hospital appointment. Could you possibly send me the minutes after the meeting?” Hoja ni zile zile na urefu unakaribiana. Kilichobadilika ni kwamba sasa msimamizi ana mlango wa kujibu.

Tahadhari moja ya upande wa pili: usirudi nyuma kupita kiasi. Kumwambia rafiki wa karibu “I was wondering if I could possibly borrow your pen” kunaweza kusikika kama umenuna. Na pakiwa na hatari, adabu ya umbali haina nafasi.

Hatua ya 4: Toa ruhusa bila kurudi nyuma

Hapa ndipo penye siri ambayo ingefaa ifundishwe siku moja na “Could I”. Unapoomba, unarudi nyuma. Unapotoa, unasogea mbele. Swali likiwa “Could I use your phone?”, jibu ni “Yes, of course you can”, au “Yes, certainly”, au kwa urasmi “Yes, you may”. Jibu si “Yes, you could”, na wala si “Yes, you might”.

Sababu yake ni nyepesi ukiifikiria kama hodi. Mgeni hubisha hodi akiwa nje. Mwenyeji akijibu naye “hodi”, hakuna aliyeingia. Anapaswa kusema “karibu”. “Could I” ni hodi. “You can” ndiyo karibu.

Nililiona hili kwa macho darasani. Tulikuwa na mgeni, mwenyeji wa Kiingereza aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Aliingia, akashika mgongo wa kiti kilichokuwa kitupu, akamuuliza aliyeketi jirani: “Could I sit here?” Mwanafunzi akajibu kwa uso mkunjufu kabisa: “Yes, you could.” Mgeni akabaki amesimama, mkono bado juu ya kiti, akisubiri sentensi iishe. Kwa masikio yake “you could” ilikuwa na “lakini” inayokuja: ungeweza kukaa, lakini kuna mwenyewe, lakini kimevunjika. Mwanafunzi naye akashangaa kwa nini aliyekaribishwa hakai. Sekunde mbili tatu zikapita hivyo mpaka kiti kikavutwa.

Kunyima ruhusa kuna njia zake. “No, you can’t” ni kali; ilainishe kwa “I’m afraid you can’t” au “I’m sorry, but…”. “You may not” ni lugha ya kanuni na matangazo, kama “Visitors may not enter this area”. Ukimwambia mtu uso kwa uso utasikika kama ukuta wenye maandishi. Katika sheria na mikataba, “may” humpa mtu hiari ya kufanya jambo, na “shall” kwa desturi humpa wajibu. Ukisoma mkataba, usizichanganye hizo mbili.

Kuna swali la mtego: “Would you mind if I opened the window?” Neno kwa neno linauliza kama utaudhika. Kwa hiyo anayekubali hujibu “No, not at all”, hapana, sitaudhika. Ukijibu “Yes” kavu kwa nia njema, umekataa. Usipokuwa na hakika, jibu kwa “Please do” au “Go ahead”, ambayo haina njia mbili. Na angalia “opened”: dirisha halijafunguliwa. Ni hatua ile ile ya nyuma.

Ruhusa ya wakati uliopita kweli kweli ina kanuni yake fupi. Kwa mazoea ya zamani, “could” inafaa: “When I was a child, I could stay up late on Saturdays.” Kwa tukio moja lililotokea, tumia “was allowed to”: “Yesterday I was allowed to leave early.” Katika kukanusha, “couldn’t” inafaa kote kuwili.

Hatua ya 5: Kwa uwezekano, tenganisha “huwa” na “huenda”

Kosa la “It can rain tomorrow” linatoka moja kwa moja katika “mvua inaweza kunyesha kesho”. Kiswahili hutumia “inaweza” kwa mambo mawili ambayo Kiingereza huyagawa. Kuna tabia ya kitu, yaani jinsi kinavyoweza kuwa kwa jumla. Kuna pia kisio kuhusu tukio moja maalumu.

Tabia huchukua “can”: “This river can flood” maana yake kuna nyakati mto huu hufurika, ndivyo ulivyo. Kisio huchukua “could”, “may” au “might”: “This river could flood tonight”, huenda ukafurika usiku huu. Kwa hiyo kipimo chako ni hiki: kama ungeweza kusema “huwa” au “kuna wakati”, andika “can”. Kama ungesema “huenda”, acha “can” kabisa. Kesho ni siku moja maalumu, kwa hiyo ni “It might rain tomorrow.”

Utauliza: kati ya “may”, “might” na “could”, ipi ina uwezekano mkubwa? Zipo jedwali zinazopanga maneno haya kwa asilimia, na mimi siwashauri wanafunzi wangu wazitegemee. Kwa desturi “might” huhesabiwa kuwa na shaka zaidi kidogo kuliko “may”, lakini wazungumzaji wengi huzibadilishana bila kuona tofauti, na katika maongezi ya kawaida “might” husikika zaidi ilhali “may” huelekea maandishi rasmi. “Could” husisitiza kwamba jambo haliko nje ya mipaka: lawezekana, usilipuuze. Ukitaka kuonyesha kiasi, ongeza neno lingine badala ya kutegemea kitenzi: “It might possibly rain” inapunguza, “It may well rain” inaongeza, huenda ikanyesha kweli.

Maandishi ya kitaalamu hupenda “may” hata kwa tabia ya jumla: “This medicine may cause drowsiness”, dawa hii yaweza kuleta usingizi. Usishangae kuikuta hapo.

Katika maswali ya uwezekano, “may” haiji. Hatusemi “May it rain?” Tunasema “Could it rain?” au, kwa upole zaidi, “Do you think it might rain?”

Hatua ya 6: Angalia “not” imekaa wapi

Kama una muda wa kujifunza hatua moja tu leo, jifunze hii, kwa kuwa kosa lake halionekani. Sentensi inakuwa safi kisarufi, ila inasema jambo usilolikusudia.

Chukua “The results might not be correct” na “The results could not be correct”. Ya kwanza: huenda matokeo si sahihi. Ya pili: matokeo hayawezi kuwa sahihi. Ya kwanza inatia shaka, ya pili inafunga kesi. Katika sentensi zisizo na “not”, “might” na “could” zinakaribiana kiasi kwamba mtu huzizoea kama ndugu. Likiingia “not”, zinaachana kabisa.

Kiswahili kinakuonyesha sababu waziwazi. Katika “huenda si sahihi”, ukanushi umekaa kwenye usahihi, na “huenda” haijaguswa. Katika “hayawezi kuwa sahihi”, ukanushi umekaa kwenye kuweza kwenyewe. “May not” na “might not” ni “huenda si”. “Cannot” na “could not” ni “haiwezekani”. Fikiria mtu anayekagua kazi ya mwenzake, anataka kusema kwa upole kwamba pana shaka kidogo, kisha anaandika “Your figures could not be correct”. Ameandika kwamba hesabu hizo ni uongo usio na mjadala. Hakukusudia, lakini mwenzake anasoma kilichoandikwa.

“May not” nayo ina maana mbili, kama tulivyoona kwa “may”: “You may not enter” ni katazo, “It may not work” ni huenda isifanye kazi. Pakiwa na shaka, kimbilia “might not”. Hiyo ni huenda tu. Ufupisho “can’t” na “couldn’t” ni wa kila siku, “mightn’t” ni nadra, na “mayn’t” usihangaike nayo.

Hatua ya 7: Rudi nyuma kweli, kwa kutumia “have”

Kwa kuwa “could” na “might” zimetumika kwa adabu na shaka ya sasa, Kiingereza kinahitaji njia nyingine ya kusema juu ya yaliyopita. Njia hiyo ni “have” pamoja na umbo la tatu la kitenzi. “He may have missed the train”, “He might have missed the train”, “He could have missed the train”: zote ni huenda amekosa treni, hatujui bado. Kwa ukanushi, kumbuka hatua ya 6: “He might not have arrived” ni huenda hajafika, “He can’t have arrived” ni haiwezekani kwamba amefika.

Lakini “could have” na “might have” husema pia jambo ambalo tunajua halikutokea. “You could have been killed!” anaambiwa mtu aliye hai, amesimama mbele yetu. Hiyo ni “-ngali-” yetu: ungaliweza kufa. Hapa “may have” iache. Kwa jambo ambalo halikutokea, tumia “could” au “might”. Vivyo hivyo “You might have told me!” si kisio hata kidogo, ni lawama: si ungaliniambia!

Na iandikwe “could have”, au kwa ufupi “could’ve”. Masikio husikia “could of”, na hata wenyeji wa lugha huliandika hivyo. Usiwaige.

Hatua ya 8: Sikia upole wa wengine

Yote haya yana upande wa kusikiliza. Msimamizi akikwambia “You might want to look at that figure again”, hazungumzii mapenzi yako wala hakisii. Anakwambia: itazame tena hesabu hiyo, kuna kosa. “You could try calling them” ni pendekezo la upole. “You might as well go now” ni kwamba hakuna cha kungoja, nenda tu. Mtu akisema “if I may” kabla ya kukukosoa, ameomba ruhusa ambayo hatasubiri jibu lake, na ni adabu kumwacha aendelee.

Mazoezi

Geuza sentensi hizi kabla ya kutazama majibu: (1) Samahani, nilikuwa naomba kutumia simu yako. (2) Huenda asije. (3) Haiwezekani kwamba amefika, ametoka sasa hivi. (4) Kuna wakati chumba hiki huwa na baridi sana. (5) Si ungaliniambia! (6) Mtu amekuuliza “Could I take this chair?”, nawe umekubali.

Majibu yangu ni haya, ingawa baadhi yana njia zaidi ya moja. Ya kwanza: “Excuse me, could I use your phone?” au, kwa usiyemjua, “I was wondering if I could use your phone.” Ya pili: “She might not come.” Kama umeandika “could not”, rudi hatua ya 6. Ya tatu: “He can’t have arrived, he has only just left.” Ya nne: “This room can be very cold.” Ya tano: “You might have told me!” au “You could have told me!” Na ya sita: “Yes, of course you can.”